Nailantei na Njia ya Nyuma ya Maduka

Nailantei alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani na kwake. Alikuwa akienda Jumamosi jioni ili asionwe na wanafunzi, lakini habari zikavuja, na wiki ya tatu watoto walishajipanga kwenye majani kumtazama akianguka. Alianguka sana. Chini ya shuka alivaa suruali ya mumewe, Kimaren, na kila alipoinuka alifunga shuka upya, akapanda tena bila kumwangalia mtu.

Mimi naitwa Doreen. Kwetu ni Rombo, lakini huu ni mwaka wa kumi na sita nauza dawa hapa Karatu, kwenye fremu inayotazama barabara kuu iendayo lango la Ngorongoro. Nailantei nilimfahamu kwa maziwa. Alikuwa na ng'ombe watatu huko pembeni mwa mji, na kabla ya baiskeli alibeba dumu kichwani hadi kwenye vibanda vya chai. Alipokwisha kuijua baiskeli alifunga madumu mawili kwenye keria, moja kila upande, na wateja wake wakaongezeka mara mbili. Katika mtaa wetu hakukuwa na mama mwingine wa Kimasai aliyeendesha baiskeli. Wapo waliomcheka, na wapo kama mimi tuliosimama mlangoni ili tumwone tu akipita.

Mwanzo alipita kwenye lami. Lakini asubuhi ndiyo saa ya magari ya watalii kuwahi lango, yanafuatana kama msafara wa harusi, na pembeni mwa lami hakuna nafasi ya kutosha. Siku moja gari lilimpita karibu mno, usukani ukayumba, akaishia mtaroni na madumu yake. Kuanzia hapo akafanya walivyofanya waendesha baiskeli wote wa mji huu: akapandisha baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, ile ya zege inayopita mbele ya maduka yetu. Tulishazoea. Ukitoka dukani unachungulia kwanza kushoto, kisha kulia, kama mtu anayevuka barabara, halafu ndipo unaweka mguu. Akina mama wenye watoto mgongoni walitembea wakijibana ukutani. Hakuna aliyesema kitu.

Lililotokea lilitokea mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu, ukungu ule unaoshuka kutoka mlimani hadi huoni duka la pili. Mzee Qamara alikuwa ametoka dukani kwangu. Ni Mwiraqw, mzee wa miaka sabini na kitu, macho yake yana mtoto wa jicho na anatembea kwa fimbo. Hakuchungulia kushoto wala kulia, kwa sababu hata angechungulia asingeona. Nilisikia kengele, nikasikia kishindo, kisha sauti ya dumu likibingirika.

Nilipotoka nilimkuta mzee amekaa chini ameshika mkono wake wa kulia, na Nailantei amepiga magoti mbele yake huku maziwa yakimlowesha shuka. Mwendesha baiskeli mwingine aliyekuwa nyuma yake aliwazunguka, akaenda zake. Nailantei naye angeweza kwenda. Kwa ukungu ule nisingejua ni nani.

"Mzee wangu, ni mimi nimekugonga," alikuwa anasema. "Ni mimi. Usiinuke kwanza."

Tuliufunga ule mkono kwa kanga, na yeye akampeleka hospitali kwa bajaji, baiskeli akaniachia mimi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Mzee akafungwa hogo, ile plasta ngumu, hadi kwenye kiwiko.

Binti yake, Monika, anayeishi naye, alifika hospitali akiwa amewaka.

"Nakupeleka polisi," alimwambia Nailantei. "Baba yangu alikuwa kwenye njia ya watu. Wewe na hayo maziwa yako mlikuwa mnatafuta nini pale?"

Nailantei hakutaja ukungu wala magari. "Sikuwa na haki ya kuwa pale," alisema. "Ukinipeleka, nitakwenda."

Mzee Qamara ndiye aliyekata shauri. Alisema hataki polisi wala hataki kitu cha mtu, anataka kurudi nyumbani alale.

Kila baada ya siku moja Nailantei alipeleka maziwa nyumbani kwa mzee. Monika alikuwa akiyapokea mlangoni na kumshukuru kwa ufupi. Wiki zikapita, hogo likatolewa, na bado Nailantei alimkuta mzee kwenye kiti kilekile sebuleni, redio ikiwa pembeni. Siku moja alimuuliza kama mkono unamuuma.

"Mkono umepona, binti yangu," mzee alijibu. "Ninachoogopa ni njia. Zamani nilikuwa nakwenda kanisani peke yangu, nakwenda kunyolewa, nakwenda sokoni kusikia habari. Sasa kila nikitaka kutoka nasikia ile kengele."

Nailantei alinisimulia maneno hayo siku hiyohiyo, akiwa amesimama kwenye kaunta yangu. Hakulia, si mtu wa kulia. Alisema tu, "Dada Doreen, nimemfunga yule mzee ndani ya nyumba."

Kesho yake nilimwona akifika kwenye kituo cha mafuta, pale zege inapoanzia, akishuka. Akaikokota baiskeli mbele ya maduka yote hadi sokoni. Keshokutwa vilevile. Madumu yakijaa baiskeli ni nzito kukokota kuliko kuendesha, na kwa mwendo huo hakuweza kuwahi saa kumi na mbili na nusu, chai inapoanza kuuzwa. Mama Anneth, mwenye mgahawa mkubwa karibu na stendi, alimvumilia siku nne, kisha akatafuta maziwa kwa mtu mwingine. Nailantei alichofanya ni kukamua mapema zaidi. Kushuka aliendelea kushuka.

Waendesha baiskeli wenzake walimpita wakicheka. Kulikuwa na mmoja anaitwa Godson, kijana mrefu anayesambaza mikate, mwenye mdomo. Alimwambia mbele ya watu, "Mama, hiyo baiskeli ulinunua uiendeshe au uisindikize?"

"Naisindikiza," Nailantei akajibu. "Wewe mwenye haraka, umeshamgonga wangapi?"

Godson alicheka, lakini niliona hakupenda swali lile. Baadaye alikuja kuniuliza habari za yule mzee, na nikamwambia zote.

Sasa hapa ndipo ninapomsifu Nailantei kwa akili yake, si kwa roho nzuri tu. Alijua kwamba watu hawatashuka na kukokota maisha yao yote kwa sababu yeye ameshuka. Na kuwarudisha kwenye lami, katikati ya magari yale, ni kutafuta msiba mwingine. Akaanza kutafuta mahali pa tatu. Nyuma ya maduka yetu, kati ya kuta za nyuma na mtaro wa maji, kuna ukanda mwembamba unaotoka kituo cha mafuta hadi sokoni. Kila mtu aliujua kama jalala. Kulikuwa na matairi, vichaka, vyoo vilivyokwisha kubomolewa, na rundo la mbao za mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nailantei aliupita wote kwa miguu, akihesabu hatua na kupima upana kwa mikono. Hata mahali pembamba kabisa baiskeli mbili zingeweza kupishana.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwambia alete hoja hiyo kwenye mkutano.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana kwenye uwanja ulio nyuma ya ofisi. Nailantei alisimama akiwa amevaa shanga zake na shuka safi. Kiswahili chake ni cha Kimasai, anakivuta, na alipoanza kuna waliokuwa wanatabasamu. Alieleza ule ukanda, hatua zake, upana wake, na kwamba waendesha baiskeli wakipewa njia ile zege itabaki ya wanaotembea. Mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti:

"Wewe si ndiye uliyemgonga mzee?"

Mimi mwenyewe niliangalia chini.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Nailantei. "Kama nisingemgonga ningekuwa nimekaa kama nyinyi, nasubiri mwingine aseme. Mzee huyo hatoki nyumbani kwake kwa sababu yangu. Na kesho nitakayemgonga, au atakayegongwa na huyu, au na yule, anaweza kuwa mama yako."

Hapo Monika akasimama. Sikujua kama alikuwepo. Alikuwa amemtoa baba yake nyumbani kwa mara ya kwanza, akamshika mkono akamleta mbele, na Mzee Qamara akaomba kusema. Wengi wetu tulimjua kama mzee asiyeona vizuri. Hatukujua kwamba alifanya kazi kwenye makampuni ya barabara miaka ishirini na miwili, na kwamba alikuwa msimamizi wa vibarua wakati lami hii ya kwenda lango inamwagwa.

"Njia hiyo inawezekana," alisema. "Lakini msiweke udongo tu, mvua ya kwanza itaupeleka mtaroni. Inatakiwa mawe chini, changarawe juu, na mteremko uelekee mtaroni. Nipelekeni nikaiguse."

Mwenyekiti aliuliza nani anakubali. Mikono ya kwanza kuinuka, kwa mshangao wangu, ilikuwa ya waendesha baiskeli, na Godson alikuwa mmoja wao.

Kazi ilichukua Jumamosi tano. Vijana walikata vichaka na kutoa matairi. Godson mwenyewe ndiye aliyekwenda kuongea na mwenye mbao, akamsaidia kuzihamisha zote kwa siku moja. Wanaume walibeba mawe, akina mama tukabeba changarawe kwa ndoo. Mzee Qamara aliwekewa kigoda, na kila kipande kilipomalizika Nailantei alimshika mkono akampeleka. Mzee aliinama, akapitisha kiganja juu ya changarawe, akasema, "Hapa shindilieni tena," au, "Hapa pamebonyea, maji yatakaa." Hakukosea hata mara moja. Nilimwona mwenye nguvu kuliko nilivyowahi kumwona, anatoa amri kwa vijana wa umri wa wajukuu zake, nao wanaitika "ndiyo, mzee" na kuinua shindilio.

Mvua za vuli zilipokuja ziliondoa kipande kimoja karibu na soko, mahali tulipofanya haraka wakati mzee ana mafua. Godson na wenzake walikirudia kwa mawe makubwa. Tangu hapo kimesimama.

Sitasema kila kitu kimenyooka. Bodaboda wengine bado wanaparamia zege siku ya mnada, na mwenyekiti ameshawafukuza mara kadhaa. Lakini asubuhi baiskeli zinapita nyuma, mikate, maziwa, mboga, na mbele ya duka langu watu wanatembea katikati ya njia wakizungumza. Mama Anneth alirudi kuchukua maziwa ya Nailantei, kwani kwa njia ya nyuma anafika mapema kuliko wote. Na Mzee Qamara alianza kutoka. Mwanzo na Monika, kisha Monika akiwa nyuma kidogo, kisha peke yake na fimbo yake, kanisani, kinyozi, sokoni.

Mwezi wa pili mwaka huu baba yake Nailantei, mzee Sitonik, alishuka kutoka Nainokanoka kuuza mbuzi mnadani. Kimaren aliniambia kwamba mkwe wake hakuwahi kulipenda suala la binti yake kupanda baiskeli. Aliona ni aibu, na kwa miaka mitatu hawakulizungumza kabisa. Asubuhi ile Nailantei alimpitisha ile njia ya nyuma, yeye akikokota baiskeli ili atembee sambamba na baba yake. Mimi nilikuwa nafagia nyuma ya duka. Kila baiskeli iliyopita ilipunguza mwendo, na waliokuwa juu yake walimwamkia mzee. Godson alisimama kabisa, akashuka, akainamisha kichwa mbele ya mzee ili aguswe, kama wafanyavyo vijana wa Kimasai, ingawa yeye ni Mchaga wa Machame.

Mzee Sitonik akamgusa kichwani, kisha akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mnanijua?"

"Hatukujui, baba," Godson alisema, "lakini tunamjua binti yako. Njia hii unayoikanyaga, yeye ndiye aliyetuanzishia."

Mzee alitazama changarawe mbele yake hadi mwisho wa maduka. Alimwambia Nailantei kitu kwa Kimaa, kifupi, naye akageuza uso upande wa mtaro. Nilipomuuliza baadaye baba yake alisema nini, alijipangusa macho kwa ncha ya shuka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

"Amesema nipande," alinijibu. "Amesema anataka kuniona nikiendesha."

Na alipanda. Mzee alisimama kwenye njia, fimbo mabegani, mikono ikining'inia juu yake, akamtazama binti yake akienda na madumu yake hadi alipopinda kuelekea sokoni. Kisha akanigeukia mimi, mtu asiyemjua kabisa, akasema, "Huyo ni mtoto wangu wa kwanza."