Mashine Hupimwa Ikiwa Baridi

Wacera hana alama za vidole. Si kwamba alizaliwa hivyo. Alizisugua mwenyewe zikaisha. Alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya hapo Nyeri mjini, karani alimbonyezesha kidole kwenye kioo, akakipangusa, akambonyezesha tena, mwisho akamwuliza kama hufua nguo za watu. Wacera akajibu kwa fahari kwamba yeye husugua mawe. Karani akamtazama, akaitazama foleni, akaona heri asiulize zaidi.

Kazi yenyewe ilianza kama mchezo. Wacera ana kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi karibu na soko, na biashara ya vifungo ina saa nyingi za kukaa bure. Wenzake hufuma sweta. Yeye akanunua vijiwe vya rangi kwa wachuuzi wa kutoka Isiolo, akaanza kuvisugua kwa msasa juu ya ubao, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka kokoto linatoka limeng'aa, bapa chini na limevimba juu kama andazi. Analitobolea kamba, analiuza. Kingori, mumewe, ambaye ana mashine ya kusaga mahindi kule Ruring'u, alimcheka sana. Halafu Jumapili moja akamwona mke wa mchungaji amevaa kijiwe cha Wacera shingoni, na kuanzia siku hiyo akawa anasema "hii kazi yetu".

Basi mwezi wa saba, wakati ule wa ukungu ambapo jua la Nyeri huenda likizo, Madhuben akaja kibandani kwa miguu. Madhuben ni mama yake Dhiren mwenye duka la vyuma na pampu, na mji mzima humwita Mama Dhiren. Ni mkongwe sasa, hashuki ngazi za nyumbani kwake bila sababu. Alijifunga shali mbili, na mkononi alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo.

Ndani ya kitambaa mlikuwa na jiwe la kijani lenye mshipa mweupe, ukubwa wa yai la kuku. Madhuben alieleza kwamba mumewe, marehemu, aliliokota mtoni Chania mwaka ule aliomleta Nyeri, bibi arusi asiyejua mtu, anayelia kwa baridi. Yule bwana alilisafisha kwa shati lake, akampa, akamwambia hata mto wa huku una kitu kizuri cha kumpa. Tangu hapo jiwe lilikaa juu ya kaunta ya duka likibana karatasi za kufungia misumari. Kila asubuhi Madhuben aliliinua afungue duka, na kila asubuhi lilikuwa baridi kama barafu, naye alimlalamikia mumewe kuhusu baridi hiyo mpaka mumewe akafa. Sasa mjukuu wake, Payal, anaolewa Kisumu, arusi ni mwisho wa mwezi wa nane.

"Anaenda kwa joto, kwa watu wengine," Madhuben alisema. "Nataka aende na kitu ya hapa. Wewe nitengenezee ya kuvaa, Mama Ben. Iko moja tu."

Wacera angesema atafikiria. Mtu mwenye akili husema atafikiria. Lakini alikuwa ameshalishika jiwe, na Wacera akishashika jiwe mdomo wake hujibu kabla yake. Akakubali. Akaenda nalo nyumbani, akalisugua kwa msasa juma zima, na jiwe la Chania likamaliza msasa wote likabaki vilevile. Lilikuwa gumu ajabu. Jioni ya mwisho Wacera alitazama vidole vyake vilivyochubuka, akatambua kwamba bila mashine ameahidi asichoweza.

Dhiren aliposikia alisema hilo si tatizo, ana jamaa anayeleta mashine za namna hiyo, atamwekea moja aijaribu nyuma ya duka; ikimfaa aichukue, isipomfaa irudi. Malipo waliyamaliza kwa maneno mawili na hayatuhusu. Linalotuhusu ni kwamba Kingori alisikia neno mashine.

Ndugu yangu, ukitaka kumwona mwanamume wa huku amefurahi, mwambie unataka kununua mashine kisha umwombe ushauri. Hata usipomwomba. Kingori amenunua injini nyingi kuukuu maishani, ametapeliwa mara moja tu, na kutokana na mara hiyo ana sheria yake: mashine hupimwa asubuhi mapema, ikiwa baridi. Mwuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika, ikapata moto, na injini iliyopata moto huficha ugonjwa wake wote. Kwa hiyo ufike kabla hajaamka vizuri, uweke kiganja juu ya chuma. Kikiwa na uvuguvugu, geuza gari urudi kwako. Kwa injini ya dizeli hii ni hekima tupu, wala simcheki.

Ndiyo maana walifika nyuma ya duka la Dhiren asubuhi sana, ukungu umeshika mabati. Mashine ilikuwa ndogo, yenye sahani moja bapa inayozunguka na kibomba cha kudondoshea maji. Kingori akaweka kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wacera akayeyusha nta, akabandika kijiwe cha mazoezi kwenye ncha ya kijiti kama alivyoona kwenye simu ya mwanawe Ben, maana kwa mashine hushiki jiwe kwa vidole, utaviacha hapo. Akafungulia maji ya mfereji. Akagusisha jiwe. Likachomoka kwenye kijiti, likagonga mkebe wa rangi kule ukutani.

Akabandika tena, likachomoka tena. Kingori akainama, akafumba jicho moja, akatoa hukumu kwamba sahani inacheza. Mashine ikafunikwa gunia ikingoja kurudishwa.

Kulikuwa na nyingine Nanyuki. Mzee Gatimu alikuwa akichonga mawe ya kuuzia watalii na wanajeshi wa kigeni, sasa ameamua kufuga nyuki, na mashine yake anaiuza. Kingori aliwasha pikapu alfajiri. Walipofika, nyasi za Gatimu zilikuwa nyeupe kwa jalidi na mlima ulikuwa umesimama wazi kabisa nyuma ya choo. Gatimu alitoka amejifunga blanketi. Aliwakaribisha chai, akawasihi wangoje jua lipande kidogo kwanza. Kingori akamtupia mkewe jicho la unaona-sasa, akakataa chai. Mtu wa Nyeri kukataa chai asubuhi ya jalidi, ujue jambo ni zito.

Lakini mashine hiyo, jamani. Magurudumu sita kwenye ekseli moja, mazuri, la kwanza kali kama ulimi wa ng'ombe, la pili limepoa kidogo, na hivyo hivyo mpaka la mwisho ambalo ukiligusa ni kama shavu la mtoto. Kila moja na tone lake la maji. Wacera alisimama mbele yake akasahau baridi. Ile sahani ya Dhiren ilikuwa ya kusagia mawe bapa. Hii ilikuwa ya kuyapa mgongo, unalizungusha jiwe kwenye duara na duara linalipa duara. Alijua ni hii. Na kwa sababu alijua, akafanya alichojikataza njia nzima: akatoa jiwe la Chania, ambalo fundi wa makaburi alikuwa amemkatia bapa chini kwa msumeno wake, akalibandika nta, akaliweka kwenye gurudumu la kwanza.

Likaruka. Likapita karibu na sikio la Kingori, likaanguka kwenye saruji.

Alipoliokota lilikuwa limemeguka ukingoni, kipande kama ukucha. Kingori alikuwa ameshasema ekseli imepinda. Na Wacera, mtu mpole, mtu wa kuuza vifungo, akamgeukia Mzee Gatimu akamwambia maneno. Akamwambia anauzia watu takataka, na kwamba nyuki wake wana bahati mbaya. Gatimu hakumjibu kwa hasira. Alivuta blanketi lake begani, akaifunika mashine kwa turubai taratibu.

"Mchagua jembe si mkulima, mama," akasema. "Hii mashine haijawahi kunitupia jiwe hata moja."

Wakashika njia ya kurudi Nyeri. Wacera alilishika jiwe mapajani, akasikia aibu na huzuni pamoja, huzuni ikiwa kubwa zaidi. Alimwambia mumewe amteremshe dukani kwa Dhiren. Afadhali alirudishe likiwa limemeguka kidogo kuliko kulirudisha vumbi.

Madhuben alimpokea jikoni, juu ya duka. Wacera akaeleza yote, hakujitetea, akaliweka jiwe mezani. Madhuben hakuligusa. Aliitazama mikono ya Wacera, myekundu kwa baridi, yenye vipande vya nta vilivyoganda vidoleni, akatoa mlio wa kusikitika. Huyu mama tangu aje Nyeri hajawahi kunawa maji ya baridi, na hataki kuona mtu mwingine akinawa. Akamimina birika ndani ya beseni, akapoza kidogo, akaichukua mikono ya Wacera akaitumbukiza mwenyewe, kama anamwogesha mtoto.

Raha ya maji hayo ilimfanya Wacera afumbe macho. Kisha akaanza kujibandua nta, nayo haikubanduka. Asubuhi kwa Gatimu, alipoloweka vidole kwenye maji ya tanki, nta ilipasuka ikatoka kama ganda la yai. Sasa ilikuwa imelainika kidogo, imeng'ang'ania ngozi, ukiivuta inavutika na wewe. Akafumbua macho. Akaitazama nta. Akalitazama birika.

"Mama," akasema polepole, "hiyo maji bado iko?"

Dhiren alipokuja nyuma ya duka kuuliza kelele ni za nini, alimkuta mama yake mzazi, na shali zake mbili, anamiminia maji ya birika mashine ya umeme. Alishika kichwa. Lakini kijiwe cha mazoezi kilikuwa kimekaa kwenye kijiti chake, kinasagika vizuri, hakitingishiki. Wacera alikuwa anacheka na machozi yakimtoka. Haikuwa sahani, haikuwa ekseli. Ilikuwa ni maji ya mwezi wa saba, yanayoigandisha nta mpaka ikapasuka ikaachia jiwe, na sheria ya Kingori ya kwenda kupima vitu kabla ya jua.

Kumweleza Kingori ilikuwa kazi nyingine. Alisikiliza, akasema kwamba kwa dizeli lakini sheria ni ileile. Wacera akakubali, kwa dizeli ni ileile.

Walirudi Nanyuki saa za mchana, na kilo mbili za sukari na majani ya chai, maana mtu aliyekutukania nyuki wako hawezi kuja mikono mitupu. Wacera aliomba radhi akiwa bado mlangoni, kabla ya kukaribishwa, na aliomba yote, hata ya nyuki. Gatimu alimwacha amalize. Halafu akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Alisema miaka yote hiyo yeye hakugusa mashine kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu ya magoti yake, na kufikia saa hizo tanki lake jeusi huwa limeota jua la kutosha. Kumbe magoti yalikuwa yakimfundisha kazi, naye hajui. Safari hii walikunywa chai. Wakati wa kupakia, Kingori kwa mazoea aliweka kiganja juu ya mota, akaikuta na moto, akafungua mdomo. Mkewe akamtazama. Akaufunga.

Jiwe la Chania lilichongwa nyumbani kwa Wacera, Ruring'u, na Madhuben hakukubali kungoja kwake. Aliletwa na Dhiren, akawekwa kwenye kiti chenye mto kando ya mashine, birika mapajani, msimamizi wa maji ya moto. Kila Wacera alipoinua kidole, Madhuben alimimina. Ile sehemu iliyomeguka ilikwisha kwenye gurudumu la kwanza, ikaliwa pamoja na kona nyingine, kana kwamba ilikuwa inangojewa. Kwenye la tatu mshipa mweupe ulijitokeza, ukalipita jiwe mgongoni kama mto unavyopita bondeni. Wacera alikwenda nalo mpaka lile gurudumu la mwisho, na huko alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kumaliza.

Alilibandua kwenye kijiti, akalipangusa kwa gauni lake, akamwekea Madhuben kiganjani.

Madhuben hakulitazama kwanza. Vidole vyake vililizunguka, vikasimama, na uso wake ukabadilika hata Dhiren akainuka. Mama yake akalipeleka jiwe shavuni, akalibana hapo na kufumba macho.

"Miaka yote ilikuwa baridi," akasema. "Kila asubuhi nilimwambia, jiwe yako ni baridi." Akalihamishia shavu la pili. "Leo iko na joto."