Hiyo Ndiyo Iliyokuwa Kazi ya Zai

Tangu Jumatano naandika "marehemu" mbele ya jina lako, nafuta, naandika tena. Zai, mbona umetufanyia hivi?

Kwa msiomjua: Zainabu wa Tanga, mwenzangu kazini na mwenzangu wa chumba hapa Stafford, pembeni mwa Houston. Jumatatu iliyopita alisema kichwa kinamgonga. Presha ikapanda, tukakimbilia hospitali, na Jumatano wakaniita nikamuage. Kikombe chake cha chai bado kipo kwenye sinki. Sijaweza kukiosha.

Tulianza kazi siku moja, mwaka jana. Ile kazi ya kujitolea ya mkataba wa mwaka mmoja, unalipwa posho: kuandaa nyumba za wakimbizi wanaofika Houston. Siku ya kwanza tulitokea na viatu vya visigino na mikoba, maana tuliambiwa ni "office". Supervisor akatuonyesha lori la magodoro.

Zai alivua viatu, akajifunga khanga juu ya suti yake, akasema, "Shoga, kamata huko miguuni." Jua la Agosti la Texas mnalijua. Tulipanda ngazi na godoro tunacheka mpaka nguvu zinatuishia.

Lakini kicheko hakilipi kodi. Posho ukishatoa kodi ya nyumba, inayobaki unaiangalia tu. Tulikula makande wiki nzima, Jumapili tunabadilisha tunaweka nazi. Gari la Zai halina AC, kwa hiyo tulikuwa tunafika kwa watu tumelowa chapachapa.

Kaka yangu Beni, mtoto wa baba mkubwa, yuko Garland, mbali kidogo hapahapa Texas, anafanya kazi warehouse, ghala la mizigo. Kila Jumapili anapiga: "Edi, ulisoma chuo uje kubeba magodoro ya watu? Njoo u-apply huku, overtime ipo mpaka utaikimbia." Na nilitaka kwenda, nisiwadanganye. Meseji ya kumuaga supervisor nilishaiandika, imebaki kubonyeza tu.

Siku hiyohiyo ikawa siku ya dagaa.

Familia ya Wakongo ilikuwa inafika kutoka kambini. Utaratibu wa kazi ni kuwawekea chakula cha kununua, cha kwenye boksi. Zai akagoma. "Mtu katoka safari ndefu hivyo, unampa sandwich ya baridi? Kwetu mgeni anakuta jiko lina moto." Akachukua hela ya mafuta ya gari, akanunua dagaa duka la Waafrika, akaanza kuwakaanga kwenye jiko la nyumba tuliyowaandalia. Madirisha yote yamefungwa.

King'ora cha moshi kikalia. Jengo zima likatoka nje, watu na nguo za kulalia, watoto, mbwa. Jamani! Wazima moto wamepanda na mashoka yao, wamemkuta Zai jikoni kashika mwiko, anawaambia, "Sorry, sorry, it's only small fish!"

Supervisor alitukuta nje, amefura. "Zainab, we need to talk." Nikajua leo tunafukuzwa wote wawili, hata ile meseji sina haja ya kuituma. Hapohapo van ya ile familia ikaingia parking.

Akashuka mama mmoja na mtoto mgongoni. Akalitazama gari la zimamoto, akatutazama sisi, akavuta pumzi. "Njo ndagala hii nasikia?"

Zai akaitikia, "Ndiyo mama, ni dagaa. Karibu nyumbani."

Yule mama akakaa palepale chini kwenye lami. Akacheka, akalia, akacheka tena. Supervisor akageukia pembeni, akajifanya anasoma simu.

Kesho yake Zai aliitwa ofisini, akarudi anatabasamu. Karuhusiwa kupika kila familia inapofika, ila afungue madirisha. Mimi meseji yangu niliifuta kimyakimya.

Hata mama yake kule Tanga hakuielewa kazi hii. Kila akipiga: "Zainabu, kazi gani hiyo ya Marekani haina hata cheo?" Zai anajibu, "Mama, napokea wageni." "Kwani una hoteli?" Tulikuwa tunaanguka kwa kicheko.

Alhamisi tulimzika hapahapa Houston. Sisi wanawake tulisimama mbali kidogo, karibu na magari, mimi nimeshika simu ili mama yake aone kwa video call. Watu wakawa wanaingia tu. Wakongo, Warundi, Waafghani, wengine na sare za kazini, wengine wamekuja kwa basi na watoto mikononi. Mama akasogeza uso karibu na simu.

"Hao wote ni nani, mwanangu?"

"Ni wageni wa Zai, mama."

Akalia kwanza. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo kazi yenyewe hiyo. Sikujua kama mwanangu ana kazi kubwa hivyo."

Maneno hayo sijaacha kuyasikia.

Mkataba wetu unaisha mwezi huu. Jana Beni kapiga, nafasi ya Garland imepatikana kweli, wanataka jibu. Nilimshukuru kaka yangu kwa moyo wote, kisha nikamwambia siendi. Leo asubuhi nimesaini mwaka wa pili.

Kodi nitaigawana na nani, sijui bado. Naogopa kidogo. Lakini tangu nitie ile saini nimekula, nimelala mchana, na nimeweza kuandika hapa bila kufuta.

Zai, najua wewe ni wa msikitini, ila kanisani kwetu tunakuombea, ukisikia huko kwaya imeingilia dua zenu usishangae, ni mimi. Mola akufungulie mlango vile ulivyowafungulia watu, kwa kicheko na mikono miwili.

Kesho asubuhi kuna familia inatua. Nitakuwepo kuwapokea. Wewe ulale salama, shoga yangu, umechoka vya kutosha.