Kitabu kilisema uso ni namba sita, nikampoteza Cucu wa Mugutha

Wakuu, salamu kutoka Ruiru. Nina miaka themanini na ushee, kwa hivyo kuwadanganya hakuniongezei kitu. Haya yalinipata Thika, miaka ya hamsini ikiishia.

Niliajiriwa kwa studio ya Mhindi mmoja. Yeye mwanga aliukadiria kwa macho tu, na picha zilitoka safi.

Mimi nikajiona msomi. Nikapata kitabu cha Kiingereza cha zone system, njia ya kugawa mwanga wa picha kwa namba, nikaazima na light meter ya bosi, kile kifaa cha kupima mwanga.

Kitabu kilisema mwanga una namba. Sifuri ni weusi tititi, kumi ni weupe wa karatasi. Lakini chochote unachopima, meter inataka kiwe tano, kijivu cha katikati.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilipima mbuzi mweupe, nikapima mweusi, meter ikataka wote wawe kijivu. Sasa kupima ni kwa nini? Nilisoma huo ukurasa mpaka ukachanika.

Sentensi moja tu niliielewa: uso wa mtu uweke namba sita. Hiyo nikaishika.

Siku moja bosi hayupo, akaja mama mzee kutoka Mugutha. Tulimwita Cucu, yaani nyanya. Mwanawe alikuwa kizuizini kwa mkoloni mwaka wa nne, na Cucu alitaka kumtumia picha ajue mamake bado yuko hai. Alijifunga kitambaa cheupe kichwani.

Nikapima uso, nikaongeza stop moja, yaani mwanga mara mbili, ufike sita, nikapiga. Film ilikuwa imebaki hiyo moja.

Aliporudi kuichukua, uso ulikuwa kama umepakwa majivu. Makunyanzi hayapo, kitambaa hakionekani. Cucu aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Mwanangu akiona huyu," akasema polepole, "atajua nimekufa, na kuna mtu mwingine anamwandikia."

Wakuu, niliona aibu. Nikamwomba arudi Jumamosi.

Bosi aliporudi nilimweleza yote. Akainua negative, ile film iliyosafishwa, dirishani, akasema mama yumo, nikichapa niongeze tu sekunde za mwanga kwa karatasi mpaka nimwone. Kisha akaniuliza mwandishi wa kitabu alikuwa anapima nani.

Nikafungua kitabu. Nyuso zote ni za Wazungu. Hiyo sita ilikuwa yao, na mimi hata sikuwa nimeuliza.

Niliharibu karatasi nne. Kwa ya tano kitambaa kikarudi na mikunjo yake, makunyanzi yakafuata, kisha kovu dogo juu ya jicho ambalo hata studio sikuliona.

Jumamosi Cucu akaishika kwa mikono miwili.

"Sasa huyu ni mama yake."

Somo langu: kabla hujafuata kitabu, jua mwandishi alikuwa anamtazama nani.

Na nyinyi wa film, ile tano bado inanisumbua. Mwenye kuielewa anieleze hapa chini, polepole, na asinitumie kitabu.