Nilifuta kaswida zangu zote, kazi ya mjukuu wangu ikakubaliwa

Wakuu, salaam aleikum. Walionizidi umri shikamoo, wengine nadai yangu.

Haya yamepita nyumbani kwangu Likoni, na laptop yenyewe iko hapa mezani.

Shule yangu mimi ni gumbaru tu, ile ya watu wazima. Kiswahili nasoma, Kizungu sikijui.

Mjukuu wangu Rehema husaidia programu moja ya kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye flash. Ni ya bure, na code yake iko wazi, yeyote aisome na kuitengeneza. Akawa anaandika upya maelezo ya kuitumia. Mara mbili alipeleka, mara mbili mwenye mradi akamrudishia: ya zamani yanatosha, watumiaji wetu si watoto.

Mwana akakonda. Akasema akikataliwa mara ya tatu anaacha.

Nikamwambia, hebu nipe mimi hayo ya zamani.

Akanitafsiria vilevile yalivyo, akaniwekea flash tupu, akaenda kuswali adhuhuri.

Sasa, mimi ni mpishi wa arusi. Kwetu mmoja hutaja, mwengine hutia. Hakuna kuchungulia cha mbele.

Maelezo yakasema: chomeka flash. Nikachomeka yangu ya kaswida, ndiyo iliyokuwa karibu. Bonyeza Endelea. Nikabonyeza.

Mstari wa chini yake: "Zingatia, vyote vilivyomo vitafutika."

Waniambia leo, sufuria ishaungua?

Rehema akarudi, akatazama kioo cha laptop.

"Bibi, umechomeka ipi?"

"Flash. Si ndivyo palivyoandikwa?"

"Hii ilikuwa na kaswida zako."

"Ilikuwa."

Nikamuuliza, humo ndani ya code, pahali pa kufuta paitwaje? Akanionyesha: go2. Nikamwambia, mwizi akipewa jina kama hilo nani atamshuku?

Akakaa chini. Onyo likaenda juu, amri ikaja chini. Ile go2 ikapewa jina refu linalosema wazi kuwa hapa flash yote inafutwa. Nikajaribu tena. Safari hii nikasoma onyo, nikachukua flash tupu, na Linux ikaingia.

Akapeleka mara ya tatu, pamoja na kisa changu chote.

Siku ya nne mwenye mradi akajibu. Amekubali yote, hakugusa hata neno. Tena akauliza jina langu, maana desturi yao aliyeijaribu kazi huandikwa pamoja na aliyeifanya.

"Imejaribiwa na: Mwanasiti, Likoni." Wallahi liko humo. Mtaa mzima nimeuonyesha, na wageni bado waja.

Funzo langu: ukiandika maelezo, mpe asiyejua kitu, ukae kando, ufunge mdomo. Akikosea, maelezo ndiyo yamekosa.

Mafundi wa code, karibuni mnipinge. Ila atakayesema mimi ndiye niliyekosea kubonyeza, kwanza atuambie maelezo yake yeye yamejaribiwa na nani.