Ukuta Nilioufutia Kilema

Kwa siku tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya sentimita kumi na tatu. Nilikuwa nimezifuta mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, na hakuna aliyeniona.

Nawaandikia nyie mnaomaliza chuo na kuingia kwenye kazi ya majengo ya kale. Wakubwa wa fani husubiri wastaafu ndipo wasimulie. Mie nina miaka miwili tu kazini, lakini kosa hili ni la wanaoanza, na nalisimulia kabla sijajifunza kulipamba.

Siku ya kwanza, Msanifu Mkuu alinikabidhi futi ndefu na timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umesimama wima.

"Vipimo vya kisasa utapewa baadaye," alisema. "Kwanza jifunze kuugusa ukuta."

Akanituma Kigamboni. Ng'ambo ya pantoni, kwenye mtaa wa maduka, kuna nyumba ya ghorofa moja inayolindwa kisheria. Hata bawaba haibadilishwi bila kibali. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na unene wake ni mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Sakafu ya juu na dari vimebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Nilidhani ndivyo mwenyewe alivyopenda, kumbe upana uliamuliwa na mti: boriti inapoishia, chumba nacho kinaishia.

Ghorofani anaishi Bi Salha, mjane ambaye familia yake imeuza viungo na udi katika duka la chini tangu enzi za babu yake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Njombe, ila nakaa Tandale."

"Umeacha baridi yote ile ukafuata jasho letu! Haya, pima."

Nikapima chumba chake cha kulala. Upana wa upande mmoja ulizidi wa upande wa pili kwa sentimita kumi na tatu. Nikarudia. Nikarudia tena.

"Hiyo mara ya ngapi?" aliuliza.

"Ya tano, Bi."

"Fundi cherehani akinipima mara tano, nachukua kitambaa changu naondoka."

Nilicheka naye, nikakunja futi bila kujua tofauti imetoka wapi. Dawa ilikuwa kutundika timazi nje ya dirisha la kichochoroni. Hilo lingenilazimu nitoe nusu ya mwili nje, juu ya vichwa vya vijana wa bodaboda wenye kijiwe pale chini. Niliwaza watakavyonitania. Timazi ikabaki mkobani.

Ofisini nilijishawishi kwamba futi ilipinda, au mkono ulitetemeka. Ndivyo nilivyo: nikitofautiana na ukuta, nauamini ukuta. Nikachukua wastani wa vile vipimo, nikachora chumba chenye pembe nne zilizonyooka. Kilipendeza. Pembeni, kichochoroni, kulikuwa na jiko la matofali ya saruji lililobandikwa kwenye nyumba miaka mingi baadaye. Kanuni yetu ni kwamba nyongeza inayoharibu sura ya jengo la kale huondolewa. Nikaandika: *libomolewe*. Msanifu Mkuu akagonga muhuri.

Ijumaa moja Fundi Saidi, aliyepewa kazi ya kubomoa, alinipigia simu.

"Msanifu, hili jiko lenu vipi? Nimejaribu kung'oa tofali la juu, limegoma. Kama limekaliwa na kitu. Ila usijali, Jumatatu tunakuja na nyundo kubwa."

Limekaliwa na nini? Kama zile sentimita kumi na tatu zilikuwa za kweli, basi ukuta umeinamia jiko. Hapo ndipo usingizi ulipokwisha. Nikisema na ukuta ukawa mzima, nitachekwa na nitakuwa nimechelewesha kazi. Nikinyamaza na ukuta ukawa umelala, Bi Salha yuko juu yake.

Jumatatu nilivuka na pantoni ya mapema. Bi Salha akanishikia kiuno, nikatoka dirishani, nikateremsha timazi. Vijana wakapiga miluzi. Chuma kiliyumba, kikatulia mbali na tako la ukuta kwa kiganja kizima na zaidi. Ukuta ulikuwa umelalia jiko. Niliporudi ndani nilitazama juu: ncha za boriti zilizopaswa kuzama ndani ya ukuta zilikuwa zimebaki na mshiko wa vidole vitatu.

"Huo mti unanimwagia vumbi kitandani tangu mfungo uliopita," alisema Bi Salha. "Nikadhani mchwa."

Nikashuka mbio. Fundi Saidi alikuwa anakunja mikono ya shati.

"Fundi, usiguse! Jiko ndilo linaloshikilia nyumba."

"Mchoro unasema libomolewe. Mchoro wa nani huu?"

"Wangu."

"Sasa? Mie nafuata karatasi, dada yangu, sifuati mdomo. Kesho mkinigeuka je?"

Nikampigia Msanifu Mkuu, nikamweleza yote, pamoja na ule wastani.

"Simamisha kazi," alisema. "Tutatoa mchoro mpya, huu tuuondoe taratibu. Hakuna haja ya kutaja wastani. Muhuri ni wangu pia."

Nilijua ananisitiri. Lakini faili la nyumba inayolindwa halitupwi. Atakayekuja kuikarabati tukiwa wote tumekufa atasoma tulichoacha humo, na akikuta ukuta uliokuwa umenyooka mwaka huu ukalala ghafla mwaka unaofuata, atatafuta ugonjwa usiokuwepo.

"Samahani, mkuu," nilisema. "Nitaandika ilivyokuwa."

"Jina lako litabaki humo."

"Najua, mkuu."

Nilichukua mchoro wa Fundi Saidi, nikautandaza barazani, nikaandika kwa kalamu nyekundu juu ya ule mstari wangu mzuri: *Ukuta huu umelala kwa sentimita kumi na tatu. Nilipima, sikuamini, nikaunyoosha kwenye karatasi. Jiko lisibomolewe.* Nikaandika jina langu kamili na tarehe, nikaupiga picha ya kuweka kwenye faili, nikamkabidhi Fundi Saidi.

Aliusoma kwa sauti mbele ya watu wake, neno kwa neno. Akaukunja, akauweka mfukoni mwa shati.

"Haya," alisema, "nyundo rudisheni. Nataka magogo ya kuegemezea."

Nikawageukia vijana wa bodaboda, nikawaomba wapande nami ghorofani. Walikuja wanne, tukakitoa kitanda cha Bi Salha chini ya zile boriti.