Visoda kwa Magunzi

Siku yangu ya kwanza kazini, kijijini Kerenge, Korogwe, niliingia darasani na kapu la magunzi ya mahindi na mfuko wa visoda, vile vifuniko vya chupa. Elimu yangu ni darasa la saba, tena la kuburuzwa. Nilikuwa napukuchua mahindi ya watu, na kijiji kilinichukua nijitolee darasa la awali kwa sababu mwalimu alikosekana.

"Cheti kiko wapi?" mwalimu mkuu akaniuliza.

Nikamwonyesha kapu. Akacheka. "Haya, tutaona."

Aliona! Muhula haujaisha, watoto wangu wakawa wanajumlisha na majina yao bado hawajui kuyaandika. Sikuanza na namba ubaoni. Nilianza na hadithi: bibi kapika, wageni wamekuja, mpe kila mgeni sahani yake. Mtoto akiona mgeni mmoja kabaki mikono mitupu, ameshaujua upungufu kabla ya kufundishwa neno lake. Wenye vyeti wanaita kulinganisha. Mimi niliita kupakua.

Kutoka Kerenge niliombwa Mashewa. Niliombwa, sikuomba. Kisha nikaitwa kijiji kimoja cha Handeni, ambako nusu ya darasa walikuwa watoto wa wafugaji. Huko ndiko nilikokaribia kuaibika.

Nilijiona fundi, nikatunga hadithi ya mbuzi. Nikamwita Nasieku, binti wa miaka sita.

"Kwenu mna mbuzi wangapi?"

Akainama. "Sijui."

"Mtoto wa mfugaji hajui mbuzi wa kwao? Kesho njoo na idadi. Na wenzako wa bomani hivyo hivyo!"

Kesho yake hakuja mtoto hata mmoja wa bomani. Keshokutwa vilevile. Mwalimu mkuu wa pale, mama mmoja mkali kutoka milimani, akaniita.

"Mwalimu Visoda, umewafanya nini wale watoto?"

"Nimewapa hesabu tu, mama."

"Basi kawarudishe. Ijumaa mdhibiti ubora anakuja kukagua. Akikuta nusu darasa, ataliunganisha na la kijiji cha pili, na wadogo hawa hawawezi kutembea huko. Wewe utarudi kupukuchua."

Alasiri hiyo nikaenda bomani. Babu yake Nasieku alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka mbuzi wangu wafe?"

Nikamuuliza kwa vipi. Akanieleza kwamba kwao mfugo hauhesabiwi kwa kutajwa idadi. Ukiitaja, umeita balaa. Mimi, mtaalamu wa maisha ya kila siku, sikuwa nimeuliza maisha ya mtu yeyote.

"Sasa akipotea mmoja unajuaje, mzee?"

"Mama yako alipokuwa akipakua, alianza kuhesabu watoto ndipo ajue nani hayupo?"

"Hapana. Alitutupia jicho tu."

"Basi kaa hapo, mwalimu. Leo usome wewe."

Mbuzi wakarudi kutoka malishoni. Nasieku akafungulia vitoto, kila kimoja kikamkimbilia mama yake kunyonya. Kimoja chenye masikio meupe kikabaki kinalia. Yule binti hakusubiri kuambiwa. Akatoka mbio hadi vichakani, akarudi akimswaga mama mtu.

Nilitaka kucheka na kulia. Kila mgeni na sahani yake! Nilichojivunia tangu Kerenge, mtoto huyu alikuwa akikifanya kila jioni bila mwalimu.

"Mzee, nimekosa."

"Umekosa. Visoda vyako vihesabu mpaka uchoke. Mbuzi waache."

Ijumaa watoto walirudi wote. Nilimwachia Nasieku hadithi: magunzi yakawa mama mbuzi, visoda vikawa vitoto. Mdhibiti ubora, bwana mwenye miwani, akainama mezani.

"Mbuzi wako ni wangapi?"

Darasa zima likanitazama mimi.

"Hatuwahesabu," Nasieku akajibu. "Lakini huyu hana mama."

Bwana yule akatazama kisoda kilichobaki peke yake. Akavua miwani, akakaa na watoto mkekani mpaka kengele ikalia. Darasa halikuguswa.

Mwaka jana nilistaafu, kama mtu wa kujitolea anaweza kustaafu. Alikuja binti mwenye cheti, mpole, msikivu. Nikamkabidhi kapu na mfuko. Naye, kwa kufuata utaratibu, akatoa karatasi ya makabidhiano.

"Visoda ni vingapi, baba, niandike?"

Nimefundisha watoto wa Korogwe na Handeni hesabu ambayo wengi wa chuoni hawaiwezi, na hilo sioni haya kulisema. Lakini swali lile lilinishinda.

"Sijawahi kujua, binti yangu. Mpe kila mtoto kimoja. Atakayebaki mikono mitupu, huyo ndiye wa kumtafutia."