Ndama wa Chuma

Juzi mvua ya majira ya senene, wale panzi tunaowakaanga, ilinyesha hapa Bugene, ikapiga mabati yangu mpaka tukazima televisheni kwa kushindwa kusikia. Binti yangu wa mwisho, yule anayesoma chuo, yuko nyumbani likizo. Akajikunja kwenye kochi na simu yake, akaniambia, "Baba, nikusomee hadithi yangu? Tuna kikundi kwenye simu. Tunaandika hadithi za safari za angani na za viumbe wa ajabu, halafu tunachambuana." Nikamwambia soma. Akasoma. Kulikuwa na mji unaoelea juu ya mawingu, watu wenye ngozi kama kioo, malkia, vita. Nilimsikiliza vizuri mpaka alipopumua, kisha nikamwuliza: hao watu wa mawinguni, vyoo vyao vinamwagikia wapi? Walio chini wanasemaje?

Akanuna. "Baba, hii ni hadithi ya kubuni. Mambo haya huyajui." Akaenda chumbani, akafunga mlango.

Mimi nisiyajue! Ndugu yangu unayesoma, ngoja nikuambie wewe, maana yeye alinifungia mlango. Mimi niliishia darasa la tano, sifichi. Lakini leo malori yangu yanabeba kahawa ya wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, na nyumba hii yenye vigae mpaka barazani nimeijenga bila mkopo wa mtu. Wenye shahada zao huja kuniamkia asubuhi kuomba kazi. Na kuhusu hadithi za angani, mimi nilizichambua kabla mama yake binti huyu hajaota meno. Tena sikuzichambua kwenye kochi. Nilizichambua mbele ya moto, na kitabu kikiwa karibu kutupwa humo.

Ilikuwa Nyabiyonza, nyumbani kwa baba, majira kama haya. Wewe kama ulikulia kwetu unayakumbuka. Mvua inaanza kabla ya saa tisa, migomba inainama, na jikoni sakafu imetandazwa nyasi mbichi zinazonukia kuliko manukato yoyote ya dukani. Siku hiyo senene walikuwa wameanguka alfajiri, tukawaokota kwenye nyasi zenye umande mpaka vidole vikafa ganzi. Mchana wote tulikaa kuzunguka ungo tukiwanyonyoa mabawa na miguu. Bibi alikuwa hapo, ndiye aliyekuwa mkuu wa ungo. Mama alikuwa motoni. Baba alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mafiga. Na alikuwepo rafiki wa baba, mfugaji wa Isingiro, mtu mrefu mwenye fimbo isiyotoka mkononi, aliyekuja na samli kubadilishana na ndizi, mvua ikamfungia kwetu.

Kitabu nilikuwa nimeazimwa na mwalimu wetu. Kilikuwa kimechakaa, jina lake limeliwa na mchwa, kimebaki na picha ya mtu mwenye jicho moja katikati ya paji la uso. Kilieleza safari ya watu waliopanda chombo wakaenda kuishi kwenye nyota. Nilikisoma nikichunga mbuzi, nikichota maji, nikijifanya naumwa tumbo. Nikafanya kosa la kumsimulia mdogo wangu kwamba kuna watu wanafuga ng'ombe kwenye nyota. Mdogo wangu naye, mdomo wake haukuwa na kifuniko, akasema palepale mbele ya ungo, "Baba, eti juu kule kuna ng'ombe!"

Baba aliuliza habari hizo zimetoka wapi. Nikakitoa kitabu kwa fahari, nimekivingirisha kwenye jani kavu la mgomba. Akaitazama ile picha ya jicho moja. Baba hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini alichukia uongo kuliko njaa. Kwetu ungevunja chungu ukasamehewa. Ungedanganya nani kakivunja, usingekula siku hiyo. Akasema kwa utulivu, na utulivu wa baba ndio uliotisha, "Uongo wa mtu wa mbali unalala nyumbani kwangu?" Akasogeza kuni. Kitabu alikiweka gotini, moto ukaking'arisha ile picha, lile jicho likawa kama linanitazama mimi.

Ndugu yangu, nilijua kwamba kikiungua nimekwisha. Mwalimu alikuwa amesema asiyerudisha kitabu asirudi yeye. Na shule ndicho kitu pekee nilichokuwa nakipenda duniani.

Bibi ndiye aliyeniokoa, au tuseme ndiye aliyenipandisha kizimbani. Alisema bila kuinua macho kwenye senene, "Mwanangu, hata mwizi husikilizwa kabla ya fimbo. Kisomwe. Kikishindwa, choma."

Hapo nikueleze desturi. Bibi alikuwa mwanamke wa kutoka Muleba, na hadithi zake alizifungua kwa lugha ya kwao: "Nkaija nabona," yaani nilikuja nikaona. Sisi tuliitikia, "Bona tulole," ona nasi tuone. Hapo ndipo hadithi ilipopata ruhusa ya kutembea. Na nyumbani kwetu, msimulizi akisema jambo ambalo hatulioni, tulinyamaza. Hakuna aliyeitikia. Hadithi ilisimama palepale kama punda kwenye tope, na msimulizi hakuwa na ruhusa ya kuendelea mpaka alitengeneze jambo lenyewe, lionekane. Mchawi angeweza kuruka, hakuna shida. Lakini ilikubidi useme alirukia wapi, na nani alimfungulia mlango aliporudi.

Basi baba akanipa kitabu. "Soma. Ukinyamaziwa ukashindwa, kinaingia motoni."

Nilianza kusoma, nikigeuza Kiswahili cha kitabu kuwa cha nyumbani kila bibi alipokunja uso. Chombo kikaruka. "Ona tuone," wakasema. Wakavuka mwezi. "Ona tuone." Kisha mfugaji akaangua kicheko. "Kijana, hao watu wako wamesafiri miaka mitatu. Wanakula nini? Au wanalambana?" Wote wakanyamaza. Nilisikia mvua, nikasikia mafuta ya senene yakichachatika kwenye kikaango. Kwa bahati kitabu kilikuwa na jibu kurasa mbili mbele, walipanda mboga ndani ya chombo chenyewe. Nikaruka nikasoma hapo. Mfugaji akatafakari. "Na mbolea?" Mama akamjibu kutoka motoni, "Shemeji, na wewe! Watu wote hao, mbolea itakosekana?" Wakacheka. "Ona tuone."

Baba hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, kiganja wazi, unangoja kitabu.

Nikafika kwenye nyota. Nikasoma jinsi walivyokuta ng'ombe weupe, wakubwa kama nyumba, wasio na ndama, wanaokamuliwa asubuhi na jioni mwaka mzima.

Mfugaji akapiga fimbo chini. "Simama hapo. Hawana ndama?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, shikamoo," nikasema. Shikamoo ilinitoka tu, kwa woga.

"Marahaba, lakini huyo aliyeandika hajawahi kushika kiwele! Ng'ombe hashushi maziwa bila ndama wake kusimama hapo, kumnusa. Atakupiga teke mpaka uione hiyo nyota yenyewe. Uongo! Rafiki yangu, choma."

Kimya. Mama alinyamaza. Mdogo wangu alinyamaza. Nilimtazama bibi, na bibi naye, bibi yangu aliyekuwa akiniita mume wangu mbele ya watu, alikuwa amenyamaza vilevile. Nikatafuta kwenye ukurasa, nikatafuta chini yake, hakuna. Mwandishi hakujua. Mtu aliyejua njia ya kwenda kwenye nyota hakujua ng'ombe anakamuliwaje. Baba akanyoosha kile kiganja.

Sijui ilitoka wapi. Nilishusha macho kwenye kitabu kana kwamba nasoma, nikasema, "Lakini wenyeji wa nyota walikuwa na ujanja wao. Kila ng'ombe alipozaa, ndama alichukuliwa na baridi ya nyota. Kwa hiyo mafundi wakatengeneza ndama wa chuma. Wakamvika ngozi ya yule aliyekufa. Wakampaka chumvi mgongoni. Asubuhi wanamsogeza kwa mama yake, chuma kinatikisa mkia, mama anamlamba, anamnusa, anasikia harufu ya mwanawe. Maziwa yanashuka."

Mfugaji alinitazama. Ndugu yangu, sijawahi kutazamwa vile, si na askari, si na mnunuzi wa kahawa mwenye hila. Maana likizo iliyopita nilikuwa nimekwenda na baba kwake Isingiro, na pale zizini nilimwona ng'ombe aliyefiwa na ndama. Walikuwa wamechuna ngozi ya yule ndama, wakaijaza nyasi kavu, wakaipaka chumvi, wakaisimamisha mbele ya mama yake wakati wa kukamua. Nilikuwa nimempa mfugaji ngozi yake mwenyewe, nimeongeza chuma tu. Angeweza kusema neno moja nikaishia hapo.

Akajikuna kidevu kwa fimbo. "Hapo," akasema polepole, "hapo namwona. Ona tuone."

"Ona tuone!" wakaitikia wote kwa mkupuo, hata mama.

Baba peke yake hakuitikia. Alisema, "Mbona hufunui?"

"Nini, baba?"

"Karatasi. Tangu ufike kwa huyo ndama hujafunua karatasi. Mdomo umekwenda mbali, kidole kimebaki palepale."

Asiyejua kusoma hutazama mikono. Baba akasimama, akakichukua kitabu, akakisogeza juu ya moto mpaka nikaona pembe ya karatasi ikianza kujikunja kwa joto. Akanitazama. "Hayo ya ndama yamo humu?"

"Hayamo, baba."

Mvua ikaendelea. Kisha baba, ambaye sikumbuki kama alinisifu mara nyingine maishani mwake, akacheka. Alicheka mpaka akakaa. Akanirudishia kitabu. "Kitabu kimesema uongo," akasema, "mtoto amesema kweli. Sasa nani anamhitaji mwenzake?"

Kulikuwa na shangwe, we acha tu. Kikaango cha kwanza cha senene nilipewa mimi, kabla ya mgeni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walikuwa wa moto, wana chumvi na kitunguu, wanavunjika mdomoni. Nilikula kama chifu. Na wakati natafuna, nikamsikia mfugaji akimwambia baba, "Nipe kijana huyu. Kichwa hiki kinapotea kwenye dawati. Akae kwangu, ajifunze ng'ombe na biashara ya samli. Aliyemsahihisha msomi, shule itamfundisha nini tena?"

Baba akafikiri kwa muda wa kutafuna senene mmoja. "Umesema," akajibu. "Mchukue kesho."

Bibi peke yake aliinua kichwa. "Hadithi haijaisha," akasema.

"Imeisha, mama. Umewasikia wameitikia."

"Kwa hilo mimi hujanisikia," akasema bibi. Akarudi kwenye ungo. Na kweli, kwa neno hilo la baba hakuitikia mpaka anaingia kaburini.

Asubuhi nilikipeleka kitabu kwa mwalimu, kizima, pembe moja tu imeungua. Mfugaji alikuwa amesimama njiani akiningoja, fimbo begani. Mwalimu akauliza, "Umefika wapi?" Nikamwambia nimefika kwa ng'ombe wasio na ndama. Akatabasamu kama mtu aliyeshika siri. "Ah! Hapo ndipo hadithi inapoanza. Endelea nacho." Nikamwambia ninakokwenda hakuna pa kuweka kitabu. Akakipokea.

Mengine unayaona. Kutoka samli nikaingia kwenye ngozi, kutoka ngozi kwenye kahawa, kutoka kahawa kwenye malori. Sijutii, na anayenionea huruma aje kwanza alione boma langu. Hadithi ya ndama nimeisimulia kwenye harusi, kwenye vikao, kwa wateja, na kila mara naimalizia pale baba anapocheka. Watu hupiga makofi.

Lakini wewe nakuambia na hili. Madereva wangu wote, wanaokwenda Bukoba na wanaofika mpaka Mwanza, nimewaagiza wapite kwa wauza vitabu vya zamani wanaotandika chini. Wanatafuta kitabu kisicho na jina, chenye mtu wa jicho moja. Wananiletea vya kila aina. Binti yangu anadhani ninavinunua kwa ajili yake. Navifungua, natafuta ng'ombe weupe, nafunga.

Jiko la bibi lilibomolewa, pamesimama jiko la gesi la mdogo wangu, na hakuna mtu Nyabiyonza anayetandaza nyasi sakafuni. Senene sasa tunanunua wamekwisha kunyonyolewa, wamefungwa kwenye mfuko. Wale wakubwa wote waliokuwepo siku ile wamelala, bibi na mfugaji na mama na baba, na mdogo wangu anasema haikumbuki.

Juzi hiyohiyo jioni binti akafungua mlango. "Baba, vyoo nimevitafutia mahali," akasema, akacheka. Nikamwomba msamaha kwa namna yangu, yaani nikamsimulia haya yote kwa Kiswahili, mpaka pale kwa mwalimu. Akaiweka simu kando. Kisha akasema, "Basi anza wewe, baba, tangu chombo kinaruka. Ukifika kwa ng'ombe nitaendelea mimi."

Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nikasema, "Nkaija nabona."

Nikangoja. Mvua ilikuwa imekatika, na binti yangu alinitazama kwa macho ya heshima, akisubiri niendelee. Hakujua kwamba zamu ya kuitikia ilikuwa yake.